Kinywaji Kinapogoma Angani: Dalili, Chanzo na Tiba

Kabla hujalaumu kikombe, jiulize kwanza uko ndani au nje. Watu wengi wakisikia "angani" huchanganya mambo mawili yasiyo na undugu: kukosa uzito na kukosa hewa. Ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga hewa ipo, tena presha yake ni ileile anayoikuta mvuvi wa Lamu akiwa ufukweni, kilopaskali 101 hivi. Humo maji hayachemki ovyo wala hayagandi. Kinachokosekana ni uzito tu. Ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, liko nje ya kuta za kituo, na huko matatizo ni ya aina nyingine kabisa. Fundi anayechanganya hayo mawili atafungua boliti zisizohusika.

Na hata huo uzito, usidhani dunia imeacha kuvuta. Kituo kiko kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, na huko nguvu ya uvutano bado ni takriban asilimia 90 ya hii tunayoijua huku chini. Ila kituo, kikombe, maji na mnywaji vyote vinaanguka pamoja, huku vikisonga mbele kwa mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, na vinaikosa dunia kila mara kwa sababu dunia nayo imepinda. Kama umewahi kukaa kiti cha nyuma kabisa cha basi likaruka tuta bila kupunguza mwendo, lile tumbo lililobaki juu ndiyo hali yenyewe. Wao hukaa nalo miezi sita.

"Nimepindua kikombe, maji hayatoki"

Yatoke yaende wapi? Kumimina ni kazi ya uzito. Ukiuondoa uzito, anayebaki kutawala ni mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayofanya molekuli za maji zing'ang'aniane na kujikunja zibaki na uso mdogo kadiri inavyowezekana. Huku kwetu tunaiona kwenye vitu vidogo tu. Dondosha tone la maji juu ya jani la gimbi, litajiviringisha kama gololi. Ongeza kijiko kizima, gololi itabonyea na kumwagika, maana uzito umeshinda. Mpaka wa ugomvi huo, kwa maji, ni milimita tatu hivi. Angani hakuna wa kugombana naye, kwa hiyo gololi inaweza kuwa kubwa kama chungwa na kuelea katikati ya chumba ikitikisika kama jeli.

Kosa la wageni ni kukitikisa kikombe kwa hasira. Maji yakibanduka hutoka yote kwa mkupuo, bonge zima, na bonge hilo litaendelea na safari mpaka likutane na kitu: uso wako, shati la mwenzako au paneli ya umeme. Likigusa ngozi halidondoki, linatambaa na kutanda. Mwaka 2013 Mkanada Chris Hadfield alikamua kitambaa kilicholowa mbele ya kamera ndani ya kituo. Badala ya kuchuruzika, maji yalikizunguka kitambaa kama bomba la plastiki, kisha yakahamia mikononi mwake na kubaki hapo kama glavu. Iweke picha hiyo akilini, tutaihitaji tutakapofika kwenye suti ya anga.

Tiba ni kuacha kumimina. Chukua mfuko wenye mrija.

"Naogopa mrija hautafanya kazi, au nitapaliwa"

Mrija haujawahi kutegemea uzito. Unaponyonya unapunguza presha mdomoni, na hewa inayoukandamiza mfuko kwa nje ndiyo inayosukuma kinywaji kije. Huku chini uzito ni mpinzani wa mrija, kwa kuwa kinywaji kinapandishwa mlima. Angani hakuna mlima.

Kumeza nako hakukuhitaji uzito tangu hapo, ingawa mwanzoni madaktari walikuwa na wasiwasi wa kweli. Umio ni misuli inayobana kwa zamu na kusukuma kilichomo mpaka tumboni. Mtoto aliyening'inia kichwa chini kwenye tawi la mwembe humeza embe lake bila kungoja ashuke. Yuri Gagarin alikula na kunywa katika safari yake ya Aprili 1961, na John Glenn alipokwenda Februari 1962 akafyonza rojo la tufaha kutoka kwenye tyubu. Swali likafungwa.

"Nimeacha kunyonya, kinywaji bado kinakuja"

Hapa ndipo mrija unapoonyesha tabia yake halisi. Ukiubana mfuko kidogo tu, kilichomo hutafuta mlango, na hakuna uzito wa kukirudisha chini. Hata usipoubana, maji hupenda kupanda ndani ya kijibomba chembamba kwa kushika kuta zake. Basi unaachia mdomo, na kwenye ncha ya mrija linachipua tone, linanenepa, na ukija kugeuka ni kishungi cha juisi kinachongoja kubanduliwa na upepo wa feni.

Ndiyo maana mirija ya huko ina kibanio. Unafungua, unakunywa, unabana, ndipo unatoa mdomoni. Mpangilio ni huo, na anayeupindua atafuta kuta.

Kuna kero nyingine ndogo ya mfuko. Vinywaji vingi hupelekwa vikiwa unga mkavu ndani ya mfuko, na maji huongezwa kwa kuuchomeka mfuko kwenye bomba la kituo, ambalo hutoa maji ya kawaida na ya moto. Ukiona mabonge, au ukiona chai inaunguza upande huu na upande ule ni vuguvugu, usimlaumu aliyefungasha. Kwenye sufuria maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka kwa sababu ya moto ni mepesi zaidi, na ndivyo chai inavyojikoroga yenyewe. Mahali ambapo hakuna chepesi wala kizito, mkorogaji ni wewe. Ukande mfuko kama unavyokanda unga wa chapati.

"Nataka kuinusa kahawa yangu"

Lalamiko hili ni la haki. Kahawa ya kufyonza kwenye mfuko uliozibwa imepoteza nusu ya utamu wake, maana harufu haifiki puani. Kwa hiyo swali la kikombe linarudi: je, kinawezekana kikombe cha wazi?

Kinawezekana, na cha kwanza kilitengenezwa hukohuko juu kwa vitu vya kuokoteza. Novemba 2008 Don Pettit, Mmarekani mwenye mikono ya fundi, alichukua karatasi ya plastiki kutoka kwenye jalada la miongozo ya safari, akaikunja na kuifunga kwa utepe wa gundi. Ukikitazama kikombe kwa juu kilikuwa na umbo la chozi, yaani mviringo upande mmoja na pembe kali upande wa pili. Pembe hiyo ndiyo siri yote. Maji yanayolowesha kuta mbili zilizokaribiana hujivuta yenyewe ndani ya kona, yakapanda mpaka ukingoni, kama mafuta yanavyopanda utambi wa koroboi bila kusukumwa na mtu. Ukiweka midomo pale ukingoni unakuwa sehemu ya utambi, na kila ukivuta funda, kilichobaki chini kinafuata. Kikombe kilipewa hataza Marekani mwaka 2011, na mwaka 2015 vikombe vilivyofinyangwa vizuri zaidi, kazi ya Mark Weislogel wa Portland State University na wenzake, vilijaribiwa kituoni.

Kama cha kwako hakipandishi, angalia mambo mawili. La kwanza ni kama ukuta unalowa. Maji juu ya nta au mafuta hujikusanya kama yale ya kwenye jani la gimbi, na kona ya namna hiyo haivuti kitu. La pili ni upana wa kona. Wanahisabati Paul Concus na Robert Finn walilimaliza jambo hili mwaka 1969: chukua pembe ambayo kinywaji hugusia ukuta, ongeza nusu ya pembe ya kona, na jumla ikiwa chini ya nyuzi 90 maji yatapanda yenyewe. Ikizidi, hata ukiomba. Napenda kwamba hesabu iliyoandikwa mwaka uleule watu walipotua mwezini ilikaa karibu miaka 40 kabla ya kumpa mtu kikombe cha kahawa.

Kwenye mwezi kwenyewe tatizo ni jepesi, kwa kuwa uzito upo, moja ya sita ya huu wetu. Buzz Aldrin alimimina mvinyo wa komunyo ndani ya chombo chao Julai 1969, na ukamiminika kweli, ila taratibu, ukijikunja na kupanda ubavuni mwa kikombe.

Tarehe 3 Mei 2015 Muitaliano Samantha Cristoforetti alikunywa espreso ya kwanza kupikwa angani, tena kwenye kikombe cha kona kali. Mashine ya Argotec na Lavazza ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi huku duniani, na waundaji walitumia bomba la chuma kupitisha maji ya moto yenye presha kubwa. Kwa Muitaliano bei hiyo si kubwa.

"Soda imejaa povu na tumbo limevimba"

Hapa tiba ni moja, uache soda. Mwaka 1985 kampuni mbili hasimu, Coca-Cola na Pepsi, zilipeleka makopo maalumu ndani ya chombo Challenger, kwenye safari iliyoondoka mwishoni mwa Julai. Makopo yalitoa kinywaji bila kulipuka, lakini hapakuwa na jokofu, na kilichotoka kilikuwa soda vuguvugu iliyochanganyika na povu lake.

Chanzo ni kwamba kiputo hakijui juu ni wapi. Kwenye glasi ya mezani gesi hupanda na kutoka kwa sababu maji yanayoizunguka ni mazito kuliko yenyewe. Angani kiputo kinabaki pale kilipozaliwa, kinakutana na jirani yake, vinaungana, na soda nzima inakuwa sifongo. Mambo yaleyale yanaendelea tumboni. Huku duniani chakula hukaa chini ya tumbo na hewa juu, karibu na mlango wa umio, hivyo hewa hutoka peke yake. Huko juu vyote vimechanganyika. Kiswahili kinatofautisha vizuri kubeua na kucheua, na mwanaanga hana anasa ya tofauti hiyo. Akijaribu la kwanza anapata la pili.

Usifikiri gesi hutoka kwenye soda peke yake. Wanaanga wa Apollo walikunywa maji yaliyotengenezwa na seli za umeme za chombo, zile zinazounganisha haidrojeni na oksijeni, na maji hayo yalikuja na haidrojeni ndani yake. Waliwekewa kifaa cha kutenganisha gesi, nacho kilijitahidi kiasi chake. Matumbo yalinguruma, na kwenye chombo kile kidogo hapakuwa na dirisha la kufungua.

"Sina kiu, pua imeziba, kila kitu hakina ladha"

Kinywaji hakina kosa. Moyo na mishipa yako imezoea kupambana na uzito unaovuta damu miguuni. Uzito ukiondoka, maji ya mwili huhama kuelekea kifuani na kichwani, uso unavimba, miguu inakonda kama ya korongo, na pua inaziba kama ya mtu mwenye mafua. Mwili unadhani maji yamezidi, unapunguza kiu na kupunguza maji ya damu.

Ukiusikiliza mwili utakunywa kidogo, na kunywa kidogo huko ni hatari maradufu, kwa sababu mifupa isiyobeba mzigo humwaga kalsiamu kwenye damu, na kalsiamu ndiyo malighafi ya mawe ya figo. Kunywa kwa ratiba, usingoje kiu. Na siku ya kurudi nyumbani kunywa zaidi: wanaanga wa zama za vyombo vya Shuttle walimeza vidonge vya chumvi na karibu lita moja ya maji muda mfupi kabla ya kushuka, ili damu iongezeke na wasizimie watakaposimama.

"Maji yana ladha ya dawa"

Upande wa Marekani kituoni, vijidudu hudhibitiwa kwa iodini, nayo huondolewa kabla maji hayajafika bombani kwa kuwa ikizidi huisumbua tezi ya shingo. Warusi hutumia madini ya fedha. Kwa hiyo ladha ya iodini ikijitokeza, mtuhumiwa wa kwanza ni kichujio cha kuiondoa.

Na kama ladha unayoihofia ni nyingine, ndiyo, maji yale yametokana na mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Mtambo wa kuyarejesha ulipanda Novemba 2008 kwa safari ileile iliyompeleka Pettit na kikombe chake, na Mei 2009 wenyeji walinywa kwa kugonganisha mifuko. Haukuchukua muda mtambo wa mkojo ukaziba. Mafundi walikuta jasi, madini yaleyale ya chaki ya ubaoni. Ilitoka wapi? Asidi ya salfa iliyotiwa kwenye mkojo usiharibike ilikutana na kalsiamu, na kalsiamu ilikuwa nyingi kuliko mkojo wa duniani uliotumika kwenye majaribio, kwa sababu ilitoka kwenye mifupa ya wanaanga. Mtambo ulifanya kazi sawasawa na hesabu zake. Waliobadilika ni watumiaji. Baadaye asidi ya fosfati ilichukua nafasi ya ile ya salfa, na kufikia 2023 kituo kiliweza kurejesha asilimia 98 ya maji yake.

"Mate yanachemka"

Sasa tumetoka nje, na hii si dalili ya kusoma mwongozo, ni ya kukimbia.

Aliyewahi kupika chai kwenye kambi ya Kibo, mlimani Kilimanjaro, anajua nusu ya maelezo. Kadiri hewa inavyopungua ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kileleni Uhuru huchemka kwenye nyuzi 80 hivi, ndiyo maana maharage hayaivi. (Kituoni pia kuna Kibo, maabara ya Wajapani. Jina ni la kwao, maana yake matumaini, na halina uhusiano na mlima wetu.) Endelea kupanda. Kilomita 19 hivi juu, maji huchemka kwenye nyuzi 37, joto la mwili wako. Damu ingali ndani ya mishipa inayoibana, lakini mate yako wazi.

Tunalijua hili kwa sababu lilimpata mtu. Desemba 1966 fundi wa NASA, shirika la anga la Marekani, Jim LeBlanc alikuwa akijaribu suti ya anga ndani ya chumba cha ombwe huko Houston, bomba la hewa ya suti likachomoka. Alibaki na fahamu sekunde 14 hivi. Kitu cha mwisho alichokumbuka ni mate yakitokota ulimini. Hewa ilirudishwa chumbani haraka na akapona.

Basi usiulize jinsi ya kunywa kwenye ombwe, hakunyweki. Maji yaliyofunuliwa huko huchemka na kuganda kwa pamoja: sehemu inayogeuka mvuke huondoka na joto, na iliyobaki inakuwa barafu. Chombo Discovery kilipomwaga majitaka mwaka 1984, bonge la barafu lilijijenga kwenye tundu la kutolea, ikabidi wanaanga walivunje kwa mkono wa roboti lisije likaumiza chombo wakati wa kushuka.

Tabia hiyohiyo, ikifugwa, ni mali. Suti ya anga hupozwa kwa kuyaacha maji yagande kwenye bamba lililo wazi kwa ombwe, kisha barafu inageuka mvuke na kuondoka na joto la mvaaji. Maana yake mgongoni mwa kila anayetoka nje kuna mfumo mzima wa maji ambao hauhusiani na kunywa: tangi, pampu, na kitenganishi kinachotoa unyevu kwenye hewa anayopumua. Kumbuka hilo kwa dalili inayofuata.

"Kuna maji ndani ya kofia"

Anayetoka nje kwa saa sita au saba hubeba maji yake ya kunywa kwenye mfuko wa karibu lita moja, uliobandikwa kifuani ndani ya suti, wenye mrija na vali ya kuuma. Ukiuma, inafunguka. Kidevu kikiigonga vibaya, inaweza kuvuja. Wanaanga walilijua hilo, na kujua huko ndiko kulikokaribia kumuua mtu.

Tarehe 9 Julai 2013 Muitaliano Luca Parmitano alirudi kutoka nje, na kofia ilipovuliwa ilikutwa na maji mengi. Kila mtu alikuwa na jibu tayari: mfuko wa kunywea umevuja. Mfuko ukabadilishwa na suti ikapangwa kutoka tena baada ya wiki moja. Hakuna aliyepima.

Tarehe 16 Julai, dakika 44 hivi baada ya kuanza kazi nje, Parmitano alisema anahisi maji nyuma ya kichwa. Mazungumzo yakarudi palepale: ni maji ya kunywa, au ni jasho? Yeye mwenyewe alitoa vipimo ambavyo mwongozo wowote ungeomba. Yalikuwa ya baridi mno kuwa jasho. Yalikuwa yakiongezeka. Na kwenye vali ya mfuko hakuona kitu kikitoka. Mimi ningeongeza cha nne, mahali: mfuko uko kifuani, na maji yalianzia kisogoni, ambako hewa ya feni huingilia. Kipimo hiki lakini ni dhaifu, kwa sababu bila uzito maji hayakai yalikovujia.

Na hayakukaa. Unaikumbuka glavu ya maji ya Hadfield? Ilikuwa sasa usoni mwa mtu aliyevaa kofia isiyofunguka. Alipoambiwa arudi, akageuza mwili kukwepa kizuizi, maji yakafunika macho na pua. Jua lilikuwa limekuchwa, mawasiliano yakawa ya kukatika, na hakuweza kujifuta. Alipapasa kamba yake ya usalama na kuifuata mpaka kwenye mlango, huku akipanga kwamba mambo yakizidi atafungua vali ya kofia na kuyaachia maji yatoke nje na sehemu ya hewa yake. Hakulazimika. Chris Cassidy, mwenzake wa kule nje, aliingia nyuma yake, hewa ikarudishwa chumbani, na Karen Nyberg, aliyekuwa ndani ya kituo, akamvua kofia. Ndani yake kulikuwa na zaidi ya lita moja.

Chanzo kilipopatikana kilikuwa mgongoni. Matundu madogo ya kitenganishi cha maji yalizibwa na uchafu wenye silika ulioingia kwenye maji ya suti, na maji yaliyokosa njia yake yakamwagikia kwenye njia ya hewa, feni ikayapeleka kichwani. Ripoti ya uchunguzi haikuishia kwenye matundu. Ilirudi kwenye ile tarehe 9 na kuonyesha kwamba imani kuwa mifuko huvuja ilikuwa imezoeleka kiasi kwamba ilisimama badala ya uchunguzi. Kitu kinachoweza kuvuja kilikuwepo, maji yalikuwepo, na watu wakaviunganisha kwa kamba ya mazoea.

Kwa hiyo ukikuta maji kwenye kofia, fuata mpangilio huu hata kama una hakika. Yanaongezeka? Kama ndiyo, rudi ndani sasa, mengine yatajibiwa ukiwa umevua. Ni baridi? Basi si jasho. Mfuko umepungua kuliko ulivyokunywa? Kama haujapungua, hauhusiki, na huwezi kuubadilisha ukajiona umetengeneza.

Machi 2022 Mjerumani Matthias Maurer alirudi kutoka nje akakutwa na utando mwembamba wa maji kwenye kioo cha kofia. Safari hii hakuna aliyetaja mfuko na kwenda kulala. NASA ilisimamisha matembezi yote ya nje yasiyo ya lazima kwa miezi kadhaa, suti ikarudishwa duniani na kufunguliwa. Suti ilikuwa nzima. Maji yalitokana na kazi ngumu na jinsi upoozaji ulivyowekwa, yaani karibu jibu lilelile la jasho ambalo mwaka 2013 lilikuwa la uongo.

Tangu Parmitano, nyuma ya kichwa ndani ya kofia kuna pedi ya kufyonza maji, na mvaaji huigusa kwa kisogo mara kwa mara kuona kama imelowa. Kuna pia mrija wa pili, unaoshuka kutoka karibu na mdomo mpaka usawa wa kiuno. Huo ni wa hewa, wa kupumulia iwapo kofia itajaa. Ule wa kwanza ungali palepale kifuani, na ukiwa na kiu unauma. Fanya mazoezi ukiwa bado ndani ya kituo, umefumba macho, ujue ulimi wako unaukuta upi kwanza.